Nati ya Nne

Kengele ya mwisho ikilia shuleni, wenzake Violeth walirudi nyumbani. Yeye alivuka Mtaa wa Msimbazi na begi lake mgongoni, akapenya katikati ya wauza mabeseni na wauza vitenge, akawakwepa wabeba mizigo wanaopiga kelele za kutaka njia bila kumtazama wanayemwambia apishe, akateremka mpaka Gerezani kwenye uwanja wa mafundi magari. Huko alivua sketi ya shule nyuma ya kibanda, akavaa ovaroli kuukuu ya baba yake iliyokatwa miguu, na kazi ikaanza. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, darasa la sita.

Baba yake, Athanas Komba, alikuwa fundi springi. Injini hakuigusa, umeme hakuugusa. Gari likilala upande mmoja, likigonga chini kila linapopita kwenye tuta, au mwenyewe akitaka linyanyuliwe juu lipate kupita porini, aliletewa Athanas. Hakuwa na haraka. Wapo mafundi waliomaliza magari matatu naye bado anahangaika na moja, lakini gari alilolifunga Athanas halikurudi uwanjani kulalamika. Jina hilo alilijenga tangu alipofika Bongo, jijini hapa, kutoka Songea akiwa kijana, na hakuwa na mali nyingine ya kujivunia.

"Mambo, fundi mdogo?" Mbaruku alizoea kumsalimia Violeth. Mbaruku alikuwa mchomelea vyuma, na kibanda chake kilipakana na nafasi ya Athanas chini ya bati.

"Poa, mzee Mbaruku. Shikamoo."

"Marahaba. Mwambie baba yako akuachie sanduku la spana, maana unamzidi bidii."

Watu wa uwanjani walidhani binti yule anapenda ufundi tu. Ni kweli aliupenda. Lakini kuna jambo lingine ambalo walilijua watu wawili peke yao, yeye na baba yake. Athanas alikuwa anapoteza macho.

Ilianza polepole. Alijigonga kwenye vioo vya pembeni vya magari yaliyoegeshwa. Alikanyaga sufuria ya chai ya watu na kuomba radhi. Aliweka spana chini, kisha akaitafuta huku ikiwa kando ya goti lake. Alipoona hali inazidi alikwenda kununua miwani, na hapo ndipo alipokosea, kama wanavyokosea wengi wetu. Kariakoo miwani inauzwa kama karanga. Unachagua juu ya meza barabarani, unavaa, unapewa gazeti la jana usome, ukiziona herufi unalipa na kuondoka. Muuzaji hajui lolote kuhusu jicho wala hajasema kwamba anajua. Athanas alinunua ya kwanza, akanunua ya pili yenye nguvu zaidi, akanunua na ya tatu. Herufi alizisoma vizuri sana. Shida yake haikuwa herufi. Vilivyokuwa mbele yake aliviona. Vilivyokuwa pembeni ndivyo vilivyokuwa vinapotea.

"Baba, twende hospitali," Violeth alimwambia siku moja.

"Hospitali wataniambia niache kazi. Nikiacha kazi tutakula nini? Wewe kaa karibu yangu, uniambie kilipo kitu. Na mama yako asijue. Ana mgonjwa wake wa kutosha."

Mama yake, Leticia, alikuwa Songea akimuuguza bibi. Kwa hiyo Violeth alinyamaza. Kila jioni alichuchumaa kando ya gari, akasema kwa sauti ya chini: spana iko kulia, baba; nati iko nyuma ya mkono wako, baba. Wakati mwingine alimwonea huruma hata chozi likamlenga, na akajifanya ni vumbi la breki limemwingia machoni.

Uwanja ule ulikuwa na desturi yake. Fundi hakosolewi mbele ya mteja. Ukiona mwenzako amekosea, humwambii kitu pale pale, unamwita: "Njoo unywe maji." Yeye huacha kazi, mnakwenda mpaka kwenye ndoo ya maji nyuma ya kibanda cha Mbaruku, na huko unamwambia kasoro uliyoiona. Kisha anarudi na kusahihisha, na mteja hajui lililotokea. Desturi hiyo ilikuwa imeokoa heshima za mafundi wengi, na magari mengi pia. Hata mafundi waliogombana hawakuacha kuitana maji.

Alhamisi moja gari lililokuwa juu ya stendi za chuma za Athanas lilikuwa Landkruza pikapu ya Mihir. Mihir alikuwa kijana wa Upanga. Yeye na baba yake, mzee Ghanshyam, waliuza pampu za visima, na Mihir mwenyewe ndiye aliyezipeleka vijijini na kuzifunga. Barabara za huko Malinyi mvua zikinyesha huwa tope tupu, na pikapu yake ilikuwa inakwama kwa tumbo kila safari. Alitaka inyanyuliwe. Siku iliyofuata, alfajiri, alikuwa na safari, yeye na vijana wawili wa kazi, na pampu nyuma.

Springi za gari la namna ile ni vyuma virefu bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Athanas alikuwa amezitoa zile za zamani zilizochoka, akaweka mpya zilizopinda zaidi ili gari lisimame juu, akafunga na shokapu ndefu. Kilichobaki kilikuwa kukaza yubolti. Hizo ni bolti zilizopinda kama mpini wa ndoo, nazo ndizo zinazoibana springi kwenye ekseli, chuma kile kinachobeba magurudumu. Nyuma, kila upande una nati nne. Zikilegea, ekseli huteleza kutoka mahali pake, na gari lililo kwenye mwendo halishikiki tena. Ndiyo maana Athanas alizoea kuzikaza mwisho kabisa, gari likiwa limeshushwa chini na uzito wake wote, kisha Violeth akapaka kila nati mstari wa rangi nyeupe kuonyesha kwamba imekwisha kukazwa.

Jioni ile uwanja ulikuwa na kelele. Mihir alikuwa amesimama pale pale, anaongea na simu, anatazama saa. Upande wa kushoto ulikuwa umekwisha kukazwa na kupakwa. Athanas alijilaza chini ya gari upande wa kulia nyuma, akaingiza bomba kwenye mpini wa spana apate nguvu, akavuta. Nati ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Pikipiki ilipita na honi, mtu akaita, Athanas akageuza kichwa. Aliporudisha spana, aliirudisha kwenye nati ile ile ya tatu. Akaivuta tena kwa nguvu zake zote, akasema, "Tayari. Violeth, paka."

Violeth aliingia chini na kopo la rangi. Alipaka ya kwanza, ya pili na ya tatu. Alipoigusa ya nne, ile ya ndani kabisa inayojificha nyuma ya springi, ilizunguka kwa vidole vyake.

Alitoka chini ya gari. Mihir alikuwa kando ya baba yake, amemaliza kuongea na simu. Mbaruku alikuwa anatazama. Mafundi wengine wawili walikuwa wamekuja kushangaa gari lilivyosimama juu.

"Baba," alisema, "njoo unywe maji."

Athanas alifuta mikono kwa kitambaa. Hakugeuka.

"Sina kiu."

"Baba, njoo kidogo tu unywe maji."

Mbaruku aliinua kichwa. Mafundi wale wawili walitazamana. Mtoto kumwita fundi maji, tena mtoto wake mwenyewe, halikuwa jambo walilowahi kulisikia. Uso wa Athanas ulikaza.

"Nimesema sina kiu. Nimekwambia upake rangi, umemaliza?"

Mtoto wa watu afanye nini? Amelelewa kwamba baba habishiwi mbele za watu, na baba mwenyewe amekwisha sema. Violeth aliinama, akaingia tena chini ya gari, akaipaka nati ya nne mstari mweupe kama zile nyingine. Mihir aliwasha gari, akampungia Violeth mkono, akaondoka nalo kuelekea Upanga, na mafundi wakasifu jinsi lilivyosimama.

Usiku nyumbani, yeye na baba yake walipokuwa wanakula, Violeth alijaribu tena.

"Baba, nati ya nne upande wa kulia haikukazwa. Ilizunguka mkononi. Mpigie kaka Mihir."

"Nimefanya kazi hii tangu kabla hujazaliwa," alisema Athanas.

"Uliirudia ya tatu. Niliona."

"Violeth." Sauti yake haikupanda, lakini alisukuma sahani yake pembeni. "Leo umenitia aibu mbele ya watu. Usiniongezee." Aliweka simu yake chini ya mto, akalala akiwa amegeukia ukutani.

Violeth hakupata usingizi wa maana. Alimfikiria Mihir, ambaye kila alipofika uwanjani hakukosa kumuuliza amepata ngapi kwenye hesabu. Aliwafikiria wale vijana wawili asiowajua, ambao nao bila shaka walikuwa na mama zao. Kisha alimfikiria baba yake, na hapo ndipo moyo ulipomuuma zaidi, kwa sababu alijua kumwokoa Mihir ni kumvunja baba. Hakuona njia ya tatu.

Kulipoanza kupambazuka alivaa sare na kusema anawahi zamu ya usafi shuleni. Alikuwa hajawahi kumdanganya baba yake. Alitoka mbio kuelekea Mnazi Mmoja, akavuka barabara kubwa ya Bibi Titi, akaingia Upanga. Nyumba aliijua, kwa kuwa walikwenda na baba yake kulikagua gari kabla ya kazi. Alipofika getini, mahali pa kuegesha gari palikuwa patupu.

"Mihir ameondoka muda mrefu," alisema mlinzi. "Wewe nani?"

Mzee Ghanshyam alikuwa uani anamwagilia maua. Alisogea getini, mzee mwembamba mwenye mvi, kandambili miguuni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Wewe si mtoto wa Fundi Athanas? Kuna nini asubuhi hii?"

"Kuna nati moja ya springi haikukazwa, mzee. Upande wa kulia nyuma. Naomba umpigie kaka Mihir asimamishe gari."

"Baba amekutuma?"

Jibu lilikuwa karibu mno, na lingemwachia baba yake heshima yote. Fundi amekumbuka kasoro, amemtuma mtoto mbio, nani angemlaumu?

"Ndiyo," alisema Violeth. "Baba amenituma."

Mzee Ghanshyam alipiga simu, akaweka sauti ya nje. Mihir alipokea huku upepo ukivuma dirishani. Alikuwa amepita Mlandizi.

"Nati moja?" alisema. "Haina neno, baba. Nikifika Morogoro nitamwona fundi aikaze. Nikisimama saa hizi nitachelewa kivuko cha mtoni. Mwambie Fundi Athanas ahsante."

"Haya, mwanangu. Nenda taratibu."

Mzee aliishusha simu. Violeth aliiangalia. Kutoka Mlandizi mpaka Morogoro ni mbali, na barabara ile ina malori na mwendo wa kasi. Tena hakuwa na hakika ni nati ile moja tu. Ya kulia aliigusa. Upande wa kushoto alipaka haraka haraka bila kugusa sana. Akashika chuma cha geti.

"Mzee, usikate," alisema. "Baba hakunituma. Baba hajui kama nimekuja." Machozi yalianza kumtoka, na maneno yakatoka nayo. "Baba haoni. Vitu vya pembeni havioni kabisa, ni muda sasa. Mimi ndiye ninayemwonyesha. Jana aliikaza nati moja mara mbili, nyingine akaiacha. Nilimwambia akakataa. Mimi nikaipaka rangi na huku najua. Sijui nyingine zikoje. Kaka Mihir asimame, tafadhali, asiende hata kidogo."

Mzee Ghanshyam alikuwa tayari ameirudisha simu mdomoni. Mihir hakuwa amekata. Alikuwa amesikia yote.

Walisikia indiketa ikilia, kisha mlango wa gari ukafunguliwa. Walisubiri. Violeth alisikia hatua za mtu kwenye kokoto zikizunguka gari. Sauti ya Mihir iliporudi ilikuwa ndogo.

"Baba. Nati ya ndani imedondoka. Ya pili yake imelegea. Ekseli imeteleza, gurudumu linagusa bodi. Nilikuwa nimeanza kusikia gari linavuta upande. Nilidhani ni upepo."

Mzee Ghanshyam aliketi kwenye ngazi ya nyumba yake, akaufunika uso kwa viganja. Mwishowe alimwambia mlinzi amletee binti maji, na Violeth hakuweza kuyanywa.

Gari lilirudishwa uwanjani mchana likiwa limebebwa juu ya lori, mbele ya macho ya kila mtu. Mafundi waliacha kazi zao. Athanas alilisogelea, akapapasa mahali pa nati iliyodondoka, akapapasa tena kama vile vidole vingeweza kuikuta.

"Nani aliyewaambia?" aliuliza.

Mihir hakuwa na nia mbaya. Alikuwa bado hajatulia.

"Binti yako, Fundi. Amesema huoni. Kwa nini hukutuambia? Tungekupeleka hospitali, Fundi. Tungekupeleka sisi wenyewe."

Uwanja mzima ulisikia. Athanas alisimama katikati yao na miwani yake ya Kariakoo usoni, akitazama mbele tu. Violeth alikuwa amefika kutoka shuleni na begi lake. Baba yake alipotambua yuko hapo, alimwambia maneno machache.

"Umemwaga mtama penye kuku wengi."

Kuanzia siku hiyo hakuongea naye isipokuwa kwa lazima. Chakula kiko wapi, funga mlango, zima taa. Wateja nao walipungua, kwa kuwa habari Kariakoo haina breki. Waliokuwa wakimngoja Athanas siku nzima sasa walipita mbele ya bati lake bila kusalimia, wakaenda kwa mafundi wengine. Violeth alikuja uwanjani kila siku, akavaa ovaroli, akakaa kwenye ringi la gurudumu bila kuitwa. Kuna siku alitamani angenyamaza. Kisha alimkumbuka Mihir akisema gari lilianza kuvuta upande, na akaona aibu kwa kutamani hivyo. Mtu anaweza kuwa ametenda haki na bado akaumia, na hakuna aliyewahi kumfundisha jambo hilo darasani.

Mbaruku ndiye aliyeikatisha hali hiyo. Alizima mashine yake ya kuchomelea, akavua glavu, akamwendea rafiki yake.

"Athanas, vaa shati. Tunakwenda hospitali."

"Kufanya nini? Ni mtoto wa jicho tu. Wataniondolea, nitarudi kazini."

"Basi twende wakuondolee."

Hospitalini daktari wa macho aliitwa Sabaha, mama wa makamo mwenye sauti ya upole. Alimpima Athanas kwa muda mrefu, kwa mashine hii na ile, akamwambia atazame katikati na aseme kila anapoona taa ndogo. Violeth alikuwa amekaa nyuma. Aliziona taa zikiwaka pembeni, nyingi tu, na baba yake hakusema kitu.

"Si mtoto wa jicho, baba," alisema Daktari Sabaha. "Mtoto wa jicho tungekufanyia upasuaji ukaona. Hii ni presha ya jicho. Haiumi, haina dalili ya wazi, inakula mshipa wa kuona kuanzia pembeni. Jicho la kulia limebaki na kitundu cha katikati. La kushoto lina nafuu kidogo."

"Dawa ipo?"

"Matone yapo. Utayatumia maisha yako yote, nayo yatalinda kilichobaki. Kilichokwisha potea hakirudi."

"Ningekuja zamani?"

Daktari alifunga faili. Ni swali analoulizwa kila siku na halizoeleki.

"Ungekuja uliponunua miwani ya kwanza, baba, leo ungekuwa kazini."

Athanas aliivua miwani akaiweka juu ya meza ya daktari. Alishukuru. Walipofika nje Mbaruku alimshika mkono, na yeye hakuuondoa.

Leticia alirudi kutoka Songea wiki hiyo. Hakumgombeza mtu. Alikaa kitandani akalia, kwanza kwa ajili ya macho ya mumewe, halafu kwa ajili ya mtoto aliyebebeshwa siri kubwa kuliko umri wake. Athanas aliiacha nafasi yake chini ya bati kwa fundi kijana ambaye yeye ndiye aliyemfundisha kazi, naye akafungua meza ya kuuza nati na bolti mlangoni mwa uwanja, kwa sababu hizo alizitambua kwa vidole. Kila jeki ilipopanda nyuma yake aliisikia. Kuna nyakati aliacha kuhesabu bolti za mteja akakaa anasikiliza tu.

Daktari Sabaha alikuwa ameagiza jambo moja zaidi. Ugonjwa huo hutembea katika ukoo, kwa hiyo watoto nao wapimwe. Athanas hakutaka Leticia ampeleke Violeth. Alisema atakwenda naye mwenyewe, na wakaenda, yeye akiwa ameweka mkono begani kwa binti yake njia nzima kwa kuwa umati wa Kariakoo hakuuona tena unapotokea.

Walikaa kwenye benchi wakingoja kuitwa. Athanas alikuwa wa kwanza kusema.

"Violeth."

"Naam, baba."

"Siku ile uliponiita maji, nilijua."

Violeth alimgeukia.

"Nilijua kuna kasoro. Hujawahi kuniita bure. Nikajiambia pengine haitafunguka. Nilimwacha kijana wa watu aondoke, ana wazazi wake, ana wenzake garini, ili tu watu wasiseme Athanas haoni. Halafu nikakukasirikia wewe. Kukukasirikia wewe kulikuwa rahisi kuliko kujitazama."

"Mimi nilipaka rangi, baba. Nilijua na nikapaka."

"Ulipaka kwa amri yangu. Aibu hiyo nirudishie, ni yangu." Alikohoa, akaisafisha sauti. "Nisikilize. Nilikulea uwe na adabu, na unayo. Lakini adabu si kufunga mdomo watu wakienda kufa. Ukiona hatari, sema. Sema kwa heshima. Ukikataliwa, sema tena, hata kama anayekataa ni baba yako. Ulivyofanya Upanga ndivyo baba yako alivyopaswa kufanya. Na mwili wako ukikuonyesha kasoro, nenda kwa anayejua, usiende mezani barabarani. Wazee walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nusura niumbuliwe na kifo cha mtoto wa mwenzangu."

Violeth aliegemea bega la baba yake na kulia bila kujificha, na baba yake akamwacha alie. Watu wa kwenye benchi walitazama pembeni kwa ustaarabu.

"Violeth Athanas Komba," aliita muuguzi.

Alifuta uso kwa kola ya sare, akainuka. Athanas aligeuza kichwa kufuata nyayo zake, lakini korido ilikuwa na milango mingi na watu wengi, akampoteza mara moja. Alimuuliza mama aliyekaa karibu naye binti ameingia mlango upi. Mama yule alimwonyesha kwa kidole, kisha akagundua, akamwambia kwa mdomo: wa pili, kushoto. Athanas aliutazama mlango huo, au mahali alipodhani upo, mikono yake ikiwa imeshikana magotini. Kila mlango ulipofunguka alisimama, na kila mara hakuwa yeye.

Violeth alipotoka, Daktari Sabaha alikuja naye mpaka kwenye benchi.

"Baba Violeth, nimempima yote mawili. Macho ya mtoto ni mazima. Mleteni kila mwaka, lakini leo ni mazima."

Athanas alimtafuta binti yake kwa mkono mpaka akampata, akamshika.

"Samahani, daktari," alisema. "Naomba useme tena."

Daktari akasema tena.